Nyuzi

Fidla ina nyuzi nne.
Nje, kipimajoto cha jirani kinasema
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
na lugha yetu, tuliyokuja nayo toka Bukavu,
haioni haja ya kutenganisha hizi na zile.

Kanuni za mashindano ni kurasa tisa.
Mshiriki asiwe ametimiza miaka kumi na sita.
Video iwe moja, haijakatwa, haijaungwa.
Uso na mikono vionekane muda wote.
Pasiwe na kelele.
Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishusha chini ya ardhi
kwenye tanuru la nyumba.

Maana tanuru letu linaimba.
Mama anasema linakoroma kama mjomba aliyeshiba.
Nsimire anasema hapana, ni si-bemoli,
imeshuka kidogo,
na kipande chake kinaanza hapohapo,
kwa sauti moja ndefu, tupu, isiyo na pa kujificha.
Vikisikika pamoja
majaji watadhani mtoto hajui pa kuweka kidole.

Nikalizima.

Sijui kama umewahi kukaa katika nyumba ya mbao
mtaa wa Selkirk, Winnipeg, Januari,
ukaisikia ikinyamaza.
Kwanza friji, nalo tulilichomoa.
Kisha misumari ndani ya mbao, mmoja mmoja.
Kisha baridi, isiyo na sauti,
ikipanda ngazi viatu mkononi.

Video ya kwanza: simu ililia, Baba toka kiwanda cha mikate
akiuliza kama tumemaliza.
Ya pili: nilikohoa.
Dakika ya saba, simu nimeishika kwa mikono miwili,
na hiyo ya pili ndiyo ilikuwa...
basi.
Nsimire hakuniangalia.
Alipaka uta ulimbo,
akakaza vigingi vilivyolegezwa na ukavu,
akapuliza vidole.
Mama kwenye ngazi, blanketi hadi kidevuni:
"Kamba hukatikia pembamba. Mwache apumzike."
"Vidole vyangu vina dakika ishirini," alijibu mwenyewe.
"Baada ya hapo ni vya mtu mwingine."

Ya tatu, basi.
Betri asilimia kumi na nne.
Nilimtazama mdogo wangu akiwa mdogo zaidi,
urefu wa kidole gumba kwenye kioo cha simu,
na kila alipogeuza uta
mvuke ulimtoka puani.
Kanuni hazikutaja mvuke.
Penye mbio, kidole cha nne kiliteleza;
sauti ikatoka nyembamba kama uzi wa kushonea.
Hakurudi kuiokota.
Alipita, kama mtu aliyeangusha sarafu
na basi limeshafika.

Uta uliponyanyuka hatukupumua bado.
Mama alihesabu hadi tano kwa midomo,
kama alivyoagiza Bi Halyna, mwalimu,
anayeamini kwamba ukimya wa mwisho
nao una alama zake.

Fomu ilibaki na kisanduku kimoja: nchi.
Kinakubali moja tu.
Nilisoma kwa sauti, nikasubiri.
Mama alikunja blanketi polepole, pembe kwa pembe.
Nsimire akasema, "Ngoja kwanza vidole vipate joto."

Nikashuka kuliwasha.
Juu, video ilikuwa inapanda asilimia tatu,
asilimia tatu,
asilimia nne.
Tanuru likakohoa mara mbili, likashika wimbo wake.
Akanifuata na koti lake na fidla yake,
akaegemeza mgongo kwenye bati,
akavuta uta, sauti moja ndefu,
juu kidogo ya ile ya moto.
Zikagombana; nilizihisi kwenye meno.
Akaishusha.
Akaishusha tena, unywele mmoja,
mpaka ugomvi ukaisha
na sikujua tena ipi ya chuma, ipi ya mkono.

"Haya," Mama akasema toka juu,
"mjomba kapata wa kukoroma naye."